Mchanga kwenye mchicha

Leo asubuhi nimekaa kibarazani nachambua matembele, binti yangu pembeni anaokota vikonyo ninavyotupa chini, nikajikuta nimesimamisha mikono najiuliza hivi ni mimi kweli huyu. Maana mpaka juzijuzi tu mi nilikuwa sili majani kabisa, sio mchicha, sio kisamvu, sio chainizi, hata kachumbari kwenye chipsi mayai namwambia kijana asiweke. Ukoo mzima ulikuwa unajua, kwenye shughuli mashangazi wananipakulia wali na nyama tu wala hawaniulizi.

Nataka niandike ilivyokuwa kabla sijaanza kusahau.

Nianze na chanzo. Nilikuwa na miaka sita au saba hivi, tunakaa Mbagala, na mchicha ndo ilikuwa mboga yetu karibu kila siku. Ule mchicha ulikuwa na mchanga. Sio mwingi, lakini ukiuma unasikia chembe zinasagika kwenye meno na mwili wote unasisimka, na ukishasikia mara moja basi kila tonge linalofuata unalitafuna kwa woga unasubiri isagike tena. Nikikataa, baba alikuwa na sheria moja, hunyanyuki mkekani mpaka sahani iishe. Nakumbuka nimebaki peke yangu na chemli, wenzangu wameshalala, mchicha umepoa na tui limeganda pembeni ya sahani jeupe kama mshumaa, na mimi nimeshikilia tonge mdomoni halishuki na halitoki. Wote walisema mtoto huyu mkaidi. Sikuwa mkaidi. Nilikuwa nashindwa, na hakuna aliyewahi kuniuliza nashindwa nini.

Nikakua hivyohivyo. Chuo, kazi, chumba changu, na ukiwa na hela yako Dar hii hakuna wa kukulazimisha kitu, kila kona kuna chipsi, kuna mishkaki, kuna chapati maharage. Tena lugha yenyewe ilinifichia, maana kwetu mboga ni chochote kinachoshushia ugali, ukiulizwa leo mboga nini ukajibu samaki umejibu sawasawa. Kwa hiyo miaka yote hiyo nakula mboga na jani halijagusa mdomo wangu. Choo kigumu, uchovu wa mchana, kucha zinakatika, nikaona ndo nilivyo.

Afu nikapata ujauzito. Siku ya kwanza kliniki wakapima damu ikasoma 8.9, na mjamzito inatakiwa asishuke chini ya 11. Nesi akanipa vidonge vya FEFO, vile vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, akaniuliza unakula nini. Nikamwambia ukweli wote nikiwa nimeinamisha kichwa nasubiri kugombezwa kama nilivyozoea. Yule mama hakunigombeza. Alinyamaza kidogo akasema, "Sasa mwanangu, usianze na mchicha, huo mshagombana. Anza na ambayo hujawahi kuila."

Hiyo sentensi imenisaidia kuliko vitu vyote nilivyowahi kuambiwa kuhusu chakula. Miaka yote watu walikuwa wananirudisha kwenye kitu kilekile nilichoshindwa nikiwa na miaka sita, wanakitia karanga, wanakitia nazi, wanakiita jina lingine, na mimi mwili wangu unakumbuka mkeka na chemli. Kumbe ugomvi wangu ulikuwa na mboga moja, na hizo nyingine nilizihukumu bila kuzionja.

Ndo nikaanza na matembele. Mtaani kwetu kuna mama anapita asubuhi na beseni kichwani, siku hiyo nikamsimamisha, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamwambia sijui kuchambua wala kupika naomba unielekeze. Akashusha beseni akakaa na mimi. Nilidhani angecheka. Akaniambia nilete beseni langu na maji, na hapo ndo nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona. Alitumbukiza majani, akayazungusha taratibu, akasubiri, kisha AKAYAINUA kwa mikono miwili akayaweka kwenye chujio. Akaniambia wengi wanamwaga maji mboga ikiwa bado ndani, mchanga ulioshuka chini unarudi juu yake. Nikachungulia chini ya beseni. Mchanga ulikuwa umetulia pale, mwepesi, kama ule wa ufukweni maji yakishavuta. Akarudia mara ya pili, ukapungua. Mara ya tatu chini pakawa peupe kabisa.

Niliangalia lile beseni muda mrefu. Miaka yote hiyo kitu nilichokuwa nakikimbia kilikuwa kinatoka kwa maji matatu.

Kupika kwenyewe ni rahisi, kitunguu na nyanya kwenye mafuta ya alizeti mpaka nyanya iive vizuri, majani yanaingia, dakika chache tu na ukijani wake unabaki, ukiepua unakamulia ndimu. Ndimu sio ya utamu peke yake, nesi alinielewesha kwamba ile vitamini C inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyoko kwenye majani, na chai inafanya kinyume, kwa hiyo chai nikaisogeza mbali na chakula, na hapo niseme ukweli, kuacha chai ya pamoja na chakula iliniuma kuliko matembele. Siku ya kwanza nilikula vijiko vitatu. Nilikitafuna kile cha kwanza macho nimefumba, nasubiri isagike. Haikusagika. Nikapata ulaini, chumvi, ndimu kwa mbali, basi.

Nisimdanganye mtu, damu ilipandishwa kwanza na vidonge na nilivimeza kila siku bila kuruka, kama umeambiwa una upungufu usije ukaviacha ukasema utakula majani. Lakini mwezi wa nane wa ujauzito ilisoma 11.2 na nesi akaniuliza sa hivi umefika wapi, nikamhesabia, matembele, majani ya maboga ya karanga, nyanya chungu na dagaa, bilinganya. Kisamvu pia, hicho nanunua kilichotwangwa nachemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi kabla ya kutia nazi, maana majani ya muhogo yana sumu yake na hayataki haraka. Bamia bado. Ule utelezi unanishinda na nimeuacha kwa amani.

Mchicha nilirudi mwenyewe, baada ya kujifungua. Nikaosha maji matatu, nikapika, nikala, na machozi yakanitoka pale jikoni. Nikampigia mama. Nilitaka kumwambia kwa furaha tu lakini nikajikuta namuuliza, mama mbona mchicha wetu ulikuwa na mchanga? Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekata. Afu akasema, "Maji yalikuwa ya kununua mwanangu. Ndoo mbili, mnywe, mpikiwe, muoge. Mchicha nilikuwa naoshea maji niliyooshea mchele." Sikuwa na la kusema. Mi nakumbuka vizuri vijana wa mikokoteni na madumu yao, nakumbuka mama anahesabu sarafu mlangoni, ila sijawahi kabisa kuviunganisha hivyo vitu viwili, yale madumu na ile sahani. Alikuwa anajua kuosha mboga. Nikamwambia mama nisamehe, akasema nikusamehe nini, ulikuwa mtoto.

Mwezi uliopita alikuja kunitembelea. Asubuhi nikamkuta amekaa kibarazani na beseni langu, bomba la uani linatoka, anaosha mchicha. Aliosha maji manne.

Binti yangu sasa anamaliza mwezi wa kumi, alianza kuonja majani alivyotimiza miezi sita, napondaponda na viazi na mafuta kidogo. Jana nimempa matembele akayatema yote akageuza uso. Nikasikia sauti ya baba kabisa inapanda kooni kwangu. Wataalamu wa lishe wanasema mtoto anaweza kuonjeshwa kitu kilekile mara nane, kumi, hata zaidi, ndo akubali, kwa hiyo nikamfuta mdomo, nikatoa sahani, nikampa ndizi. Hiyo ilikuwa mara ya nne.

Kesho mama wa mboga ameniahidi mnavu, mafungu mawili. Anasema unachemsha kwanza yale maji unayamwaga, ndo uchungu unapungua. Sijawahi kuula. Nimeshatenga maziwa ya kupikia.