Kikao cha Kaimosi kisichopiga kura

Pale Sirari wabadilisha fedha walinipunja mchana kweupe. Noti zilihesabiwa mbele ya macho yangu, na nilipovuka kuingia Isebania nikakuta zimepungua. Toka hapo hadi Kisumu sina la kusimulia zaidi ya kiti kilichovunjika mgongo. Kisumu, kondakta wa matatu akaninyonya mia tatu mpaka Kaimosi, na mama wa kiti cha pili akalipa mia na hamsini. Alishasikia lafudhi yangu ya Mwanza. Tukapanda milima kupitia Majengo, Mbale na Chavakali, watu wanne kwenye kiti cha watatu, na bado nauli ikawa ileile.

Nilikuwa nakwenda kumsalimia dada yangu aliyeolewa Tiriki. Mumewe ni muumini wa Friends, kanisa la Marafiki, ambao wengine huwaita Kwekas (Quakers). Usiku akaniambia, "Shemeji, kesho kuna kikao cha kanisa. Twende, lakini kula ushibe kwanza."

Kaimosi ndiko kanisa hilo lilikoanzia Kenya. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika na reli mpya hadi Kisumu, wakapanda huku kutafuta mahali penye maji na msitu. Walitaka kuhubiri na kufundisha kazi za mikono pamoja, hivyo wakafunga mtambo wa kupasua mbao. Leo hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Na mbao bado ni fedha kule, kwa maana mashamba ya Vihiga ni vipande vidogo na mkaratusi ndio akiba ya mwenye nyumba.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mikaratusi. Iliyokuwa nyuma ya kanisa ilikatwa ikauzwa, sehemu ya fedha ikaezeka nyumba ya mchungaji, na risiti hazionekani. Upande mmoja ulikaa dirishani, wa pili mlangoni, na katikati benchi zima tupu. Mbele aliketi karani, mama wa makamo, na daftari lake. Wakaimba, kisha wakanyamaza. Nikadhani ni sala fupi. Kimya kikaendelea mpaka nikaanza kusikia mbuzi wa jirani.

Maneno yalipoanza yalikuwa makali. Mtunza hazina aliitwa mwizi, naye akajibu kwa jina baya zaidi. Kila sauti zilipopanda, karani aliweka kalamu chini na kuomba watu wanyamaze tena. Kijana mmoja akasimama: "Tupige kura, tumalize!" Karani akamwambia, "Hapa hatupigi kura, mwanangu. Tukikushinda kwa wingi wetu, kesho utakaa wapi?"

Swali hilo lilinichoma. Kwetu tuligombana kwa fedha za kununua kinanda. Mwenyekiti aliitisha kura, mikono ikahesabiwa, upande wetu ukashinda, tukapiga makofi. Haukupita muda walioshindwa wakafungua kanisa lao kwenye uwanja wa kukodi, na miongoni mwao alikuwemo mzee aliyenibatiza.

Mchana ulishageuka pale bibi mmoja, aliyekaa kimya toka asubuhi, aliposimama akishikilia bega la mjukuu wake. "Miti ile nilipanda na marehemu mzee wangu," alisema. "Hakuna aliyekuja kuniambia inakatwa. Nilisikia msumeno nikiwa jikoni." Hakutaja fedha. Mtunza hazina akainamisha kichwa, kisha akatoka upande wake, akaenda kukaa karibu naye na kumwomba msamaha kwa Kitiriki. Bibi hakumpa mkono saa ileile, alimtazama kwanza.

Hapo karani akaandika na kusoma kwa sauti: miti ilikatwa bila aliyeipanda kuulizwa. Mtu wa dirishani akasema bado, haijasemwa kwamba hesabu zinadaiwa. Karani akafuta, akaandika upya, akasoma. Mtu wa mlangoni akapinga. Akafuta tena. Sijawahi kuona kumbukumbu za kikao zikiandikwa hivyo, wote wakisikiliza kila mstari mpaka asiwepo wa kusema siyo. Hesabu waliziahirisha hadi mwezi ujao, risiti zitafutwe.

Si malaika. Njiani shemeji alinieleza kwamba mwaka 1927 watu walijazwa Roho palepale Kaimosi na mwishowe wakafukuzwa, wakaunda kanisa lao. Mwaka 1973 Marafiki wa Elgon nao wakajitenga na mkutano mkuu wa Marafiki wa Afrika Mashariki uliokuwepo toka 1946, na migawanyiko imeendelea. Lakini Januari 2008, damu ya uchaguzi ikiwa haijakauka, Marafiki walikutana Kakamega, kisha wakatoka kupeleka chakula kwa waliokimbia makwao na kukalisha majirani waliochomeana nyumba. Shemeji alikuwa mmoja wa waliokwenda Turbo. "Kule," aliniambia, "tulikaa siku nzima bila mtu kusema neno. Ukiondoka mapema, umeharibu."

Dada alitupikia kuku na mrenda, nami nikalala kwenye kitanda kifupi miguu ikining'inia. Usingizi ulikataa, nikamwaza mzee wangu wa ubatizo.

Toka nirudi Mwanza nimewaandikia pande zote mbili, wetu na waliohama, kuomba tukae bila kura. Wazee wetu hawajajibu. Mzee aliyenibatiza amejibu: atakuja, ila daftari la fedha za kinanda liwepo mezani.