Tulivyohesabu waenda kwa miguu mpaka tukapata kivuko

Vigingi vyekundu vilipoanza kuchomekwa kando ya barabara yetu, mtaa mzima ulifurahi. Foleni ilikuwa imetuchosha. Barabara ya njia mbili ilibebeshwa magari ya nusu ya jiji, na habari kwamba itapanuliwa iwe ya njia sita tulikuwa tumeisikia miaka mingi bila kuona hata greda moja. Nilifurahi kama wenzangu hadi siku nilipokwenda kuangalia michoro iliyobandikwa kwenye ofisi ya mradi.

Nilitafuta mahali mama yangu anapovukia. Mama anasumbuliwa na magoti, na zahanati anayokwenda iko ng'ambo ya barabara, mkabala na uchochoro wetu. Kwenye mchoro pale palikuwa na mstari mnene tu, umenyooka bila kukatika. Nikamwuliza kijana aliyekuwa mezani ule mstari ni nini. "Ukuta mfupi wa zege wa katikati, ili watu wasikatize ovyo," akasema. Na watavukia wapi? Akatembeza kidole kwenye karatasi hadi kwenye alama ya daraja la juu, mita 400 mbele.

Usiku ule nilipiga hesabu. Mita 400 kwenda, kupanda, kushuka, mita 400 kurudi: karibu kilomita nzima kwenda mahali unapopaona ukiwa umesimama mlangoni. Daraja la namna hiyo lazima liwe juu zaidi ya mita 5 ili malori yapite chini yake. Kimo cha ngazi moja ni sentimita 15 hadi 17 hivi, kwa hiyo ni ngazi 30 na zaidi kupanda, na nyingine kama hizo kushuka. Mama hawezi ngazi 10.

Sikuwa napinga barabara, na hili nilipaswa kulirudia mara nyingi, maana ukigusa jambo moja kwenye mradi watu hukuona adui wa maendeleo. Nilitaka ipanuliwe. Nilitaka pia mama afike zahanati.

Barua yangu ya kwanza niliiandika kwa uchungu. Nilieleza habari za mama, za watoto wa shule, za wazee. Jibu lilikuja la heshima, la aya moja: daraja la juu ndiyo njia salama kuliko zote kwa waenda kwa miguu, na usanifu umekamilika. Nikaisoma mara tatu. Hapakuwa na mahali pa kushika, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nimewapa kitu cha kushika zaidi ya masikitiko yangu.

Mambo yaligeuka kwenye mkutano wa wananchi. Mhandisi alieleza vizuri, bila dharau. Akataja idadi ya magari yanayopita kwa siku, malori ni mangapi, mabasi ni mangapi, na makadirio ya miaka 20 ijayo. Nikanyoosha mkono. "Mhandisi, samahani. Wanaovuka kwa miguu ni wangapi?" Akafungua ripoti. Akafunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. Ukumbi ulinyamaza. Mwishowe akafunga kitabu akasema, "Mama, hiyo hatunayo." Alikuwa mkweli, nami namshukuru mpaka leo.

Niliondoka pale nikiwa nimeelewa kwa nini mstari ule haukuwa na tundu. Aliyechora hakumchukia mama yangu. Barabara husanifiwa kwa kile kilichohesabiwa, na sisi hatukuwa tumehesabiwa.

Basi tukahesabu. Tulikuwa watu 9, majirani wa pande zote mbili. Tulichagua siku 3: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, wawili kila upande kwa zamu za saa 3. Karatasi ilikuwa na safu tano: mtu mzima, mtoto, mzee au anayetembea kwa shida, aliyebeba mzigo au mtoto, na wa kiti cha magurudumu. Vijistari vinne na cha tano unakikatiza, ndivyo unavyojumlisha haraka bila kukosea. Kila robo saa unapiga mstari chini na kuanza upya. Hilo la robo saa tulishauriwa na jirani aliyewahi kufanya kazi ya kuhesabu magari, na ndilo lililotusaidia kuliko yote, kwa sababu jumla ya siku nzima huficha mambo. Robo saa ilionyesha kwamba shule zinapofunguliwa asubuhi, watoto wengi huvuka kwa pamoja ndani ya dakika chache, mahali pamoja, ndani ya upana wa hatua 20. Watu kama hao hawatatembea mita 400.

Siku ya pili mvua ilinyesha. Mmoja wetu alipendekeza tuahirishe. Tukakataa, maana watu huvuka hata mvua ikinyesha, na karatasi zile zilizolowa pembeni ndizo nilizoziambatanisha bila kuzinakili upya.

Kisha nikampima mama mwendo. Barabara ya zamani ilikuwa na upana wa mita 7. Nilishika simu yenye saa, yeye akavuka kama anavyovuka siku zote, nami nikiwa pembeni yake. Sekunde 11. Hiyo ni kama mita 0.64 kwa sekunde. Wanaopanga taa za barabarani mara nyingi huchukua mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, yaani karibu mara mbili ya mwendo wake. Njia sita za mita 3.5 ni mita 21. Kijana angezimaliza kwa sekunde 17 au 18. Mama angehitaji 33. Lakini ukiweka kisiwa katikati ambapo mtu anaweza kusimama salama, mita 21 zinakuwa 10.5 mara mbili, na mama anahitaji sekunde 16 na nusu kwa kila kipande. Hesabu hii ya darasa la sita ndiyo iliyoubeba ukurasa wa kwanza wa barua yetu ya pili.

Kulikuwa na hoja moja tu iliyobaki, ile ya kwamba daraja la juu ni salama kuliko kuvuka chini. Ni kweli kwamba anayepita juu hagongwi. Swali ni wangapi watapita juu. Nilikwenda kwenye barabara nyingine ya jiji letu iliyokwisha kupanuliwa na kuwekewa daraja, nikasimama saa nzima. Wavu wa katikati ulikuwa umekatwa, tundu limelainika kwa kupitwa na miili ya watu, na ardhi chini yake imekuwa njia. Kwa kila mmoja niliyemwona akipanda ngazi, kadhaa walipenya pale tunduni, na upande wa pili magari yalikuwa yanakwenda kwa kasi kwa sababu dereva ameshaambiwa na barabara yenyewe kwamba hapa hakuna mtu. Nikapiga picha ya tundu lile bila kumpiga mtu yeyote.

Na kasi ndiyo inayoua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za vifo hupanda kwa takriban asilimia 4. Kwa ripoti yake ya 2023, watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya mmoja kati ya watano ni mwenda kwa miguu. Mwaka 2019 Oslo na Helsinki zilimaliza mwaka bila mwenda kwa miguu hata mmoja kufa barabarani, na moja ya mambo makubwa waliyofanya ni kupunguza mwendo wa magari.

Jirani yangu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia taa za kivuko tulichokuwa tunaomba zitarudisha foleni tuliyoilia miaka yote. Tulibishana jioni nyingi. Nilimweleza kwamba barabara ikipanuliwa huvutia magari mapya na baada ya muda hujaa tena, na kwamba Seoul, Korea Kusini, walibomoa barabara ya juu iliyofunika kijito cha Cheonggyecheon kuanzia 2003, wakakifungua tena 2005 kwa urefu wa karibu kilomita 6, na jiji halikusimama. Hakukubali yote. Ila alikuja kuhesabu Jumamosi, zamu ya mchana, na karatasi zake ndizo zilizokuwa safi kuliko za wote.

Nilipokata tamaa nilikuwa namkumbuka Jane Jacobs wa New York, ambaye hakuwa mhandisi wala mpangamiji kwa elimu, lakini alisimama na majirani zake kupinga barabara kuu ya kukatiza Manhattan ya chini iliyosukumwa na Robert Moses, ofisa mwenye mamlaka makubwa ya ujenzi jijini humo, hadi mradi ule ukafutwa. Sisi tulikuwa tunaomba tundu moja tu ukutani.

Wiki tano baada ya barua ya pili, mhandisi alipiga simu akaomba aje eneo lenyewe. Alikuja na karatasi zetu mkononi, zimepigwa mistari kwa kalamu ya kijani. Mama akavuka naye. Walipofika ng'ambo akamwambia, "Mwanangu, mimi siombi unibebe. Niachie pa kupita tu." Mhandisi hakujibu. Akabaki ameangalia ile barabara kwa muda, kisha akaomba nimpe na zile karatasi zilizolowa.

Mchoro mpya ulitoka na kivuko cha chini chenye taa na kitufe, kisiwa katikati, na tuta pana la kupunguza mwendo kabla ya kivuko pande zote mbili. Daraja liliondolewa. Hatukupata kila kitu: tuliomba kisiwa cha upana wa mita 3, tukapewa 2. Kiti cha magurudumu kinatosha, lakini watoto wa shule wakijaa wanabanana.

Mchoro mzuri bado unaweza kuharibika siku ya kumwaga zege, na hapa nawasihi wenye mradi kama huu wasirudi nyumbani mapema. Asubuhi moja nilikuta mafundi wamepanga mawe ya ukingo pale kivukoni kwa kimo kilekile cha barabara nzima, sentimita 15, wakati mchoro ulitaka yashuke hadi usawa wa lami. Nikaweka rula, nikapiga picha, nikampigia msimamizi. Yakang'olewa siku hiyohiyo, zege likiwa bado bichi. Ningechelewa hadi kesho yake, yangebaki hivyo miaka 30.

Taa zilipowashwa, kijani cha waenda kwa miguu kilikuwa sekunde 9. Mama alifika karibu na kisiwa ikiwa nyekundu, dereva wa basi akasubiri kwa hiari yake. Nikatuma tena ule ukurasa wa kwanza, wenye hesabu ya mita 10.5. Siku nne baadaye fundi alikuja, akafungua sanduku la taa, akarekebisha.

Sasa ni sekunde 18. Mama hutumia 16, mara nyingine 17.