Vile tulichapa printi za rangi nne na mchoraji mgeni, kwa boliti na filamu za eksirei

Kila mtu niliyemuuliza kabla mgeni wetu afike alinipa ushauri ule ule, ati mpe meza, mpe lino (shiti laini la kuchongwa picha ya kuchapwa) na vichongeo, umwachie studio, akimaliza mpige picha na mkuu wa chuo. Mimi ndiye naendesha chumba cha uchapaji cha dipatimenti ya sanaa hapa nje kidogo ya Kisumu na nasema wazi huo ushauri ni wa kuua kazi. Mgeni mwenyewe alikuwa mchoraji wa rangi za mafuta kutoka Mombasa, dada mmoja ana mkono wa ajabu, lakini hakuwa amewahi kuchapa kitu. Mtu kama huyo ukimwachia meza atarudi kwao na vidonda vya vidole na karatasi mbili tatu za kijivu. Hii kazi inataka mwenye picha na mwenye kuijua mashine wakae pamoja kuanzia asubuhi ya kwanza.

Na hii si kitu nimejitungia. Msanii June Wayne alipofungua Tamarind, studio ya uchapaji, kule Los Angeles mwaka 1960 shida ilikuwa hiyo hiyo, Marekani wachapaji wa litho (uchapaji wa picha kutoka kwa jiwe bapa) walikuwa karibu kuisha, yeye mwenyewe alikuwa anasafiri mpaka Paris kutafuta wa kumchapia. Akaanza kufunza wachapaji wa kufanya kazi na wasanii bega kwa bega, na mwaka 1970 Tamarind ikahamia Chuo Kikuu cha New Mexico, ndipo iko mpaka leo. Studio nyingine za aina hiyo, Graphicstudio ya Florida ilianza 1968 ndani ya chuo, Tandem Press ya Madison 1987, nayo chini ya chuo. Wote wanaita wachoraji na wachongaji ambao si wachapaji, wanafunzi wanaingia kusaidia, wanajifunza wakiona kazi yenyewe. Niliandika hayo yote nikampelekea mkuu wa dipatimenti, kwa sababu kuna watu walikuwa wanashikilia eti tusiite mgeni yeyote mpaka tuagize mashine ya ng'ambo. Hiyo ni laki kadhaa bado hujalipa meli na ushuru, tungekuwa tunangoja mpaka saa hii.

Mashine yetu imechomelewa na fundi wa jua kali upande wa Kibuye. Fremu nzito ya chuma, bamba juu na chini, jeki ya lori ya tani 20 katikati, elfu ishirini na kitu yote kwa yote. Inakandamiza lino vizuri kabisa na naionea fahari.

Sasa wino. Mchapaji mmoja wa mjini, wa kadi za harusi na mabango, alituuzia mkebe wa wino wa kahawia akiwa tayari ameutia draya (dawa ya kuharakisha wino ukauke), akaapa kwamba kwa huu unyevu wa ziwa bila draya nyingi hautakauka mpaka mgeni aende. Ujue tulikuwa tunachapa kwa njia ya kupunguza, yaani lino ni moja tu, unachapa rangi ya kwanza kwa karatasi zote, unachonga tena lino ile ile, unachapa ya pili juu yake, unachonga tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukishachonga hakuna kurudi, ile lino ya rangi ya kwanza haipo tena duniani. Manjano ilishika vizuri. Kahawia ikafuata, ikakauka haraka kweli, kila mtu akafurahi. Tukachonga ya tatu, kijani ya ziwa, dada akaichanganya mwenyewe karibu asubuhi nzima mpaka akasema ndiyo hii, tukapaka, tukabana jeki, tukainua karatasi. Kijani imekataa! Imejikusanya vitone vitone juu ya kahawia, mahali pengine imeteleza kabisa. Yeye akashika kiuno akaniambia, "Kaka, huu wino wako wa chini umefunga mlango."

Alisema kweli. Draya ikizidi, wino unakauka na uso mgumu unaong'aa na rangi ya juu haina pa kushika. Wengine waliokuwa hapo wakasema basi tutupe tuanze lino mpya, na lino ya maana Kisumu haipatikani kirahisi, na dada alikuwa na siku chache tu zimebaki. Nilikataa. Nilichukua zile karatasi za ziada (chapa za ziada siku zote, rangi ya kwanza ukichapa idadi kamili umejifunga mwenyewe) nikaanza kujaribu usiku na wanafunzi wawili. Kupangusa na parafini, ikavuta rangi yote. Msasa laini kabisa, ukaacha mikwaruzo. Halafu nikanyunyiza konflawa kidogo, nikaisugua polepole na pamba mpaka ule mng'ao ukafa, nikapangusa unga wote ukatoka, kisha kijani nikailegeza na matone ya mafuta ya linsidi na kuipaka nyembamba, rola mara mbili badala ya mara moja nzito. Ikashika! Wanafunzi walipiga kelele mpaka askari wa geti akaja kuuliza kama kuna amani. Tangu siku hiyo wino wa kuchanganyiwa na mtu mwingine hauingii kwa mlango wangu.

Kitu kingine wageni wanauliza ni vile tunafanya rangi zikae sawa, moja isitoke nje ya nyingine. Studio za ng'ambo zinanunua pini maalum na vipande vya plastiki vya tundu. Mimi nilipima tundu la panchi ya ofisi, ni mili 6, na boliti ile ya spana namba 10 ni mili 6 pia. Basi. Nilikata boliti mbili, nikazipiga tupa zikawa laini juu, nikazifunga kwenye ubao wa MDF wenye kona ya kukalia lino, nje ya mahali bamba linashukia. Halafu filamu za eksirei zilizotupwa, kata ile sehemu ya jina la mgonjwa uiharibu kabisa kwanza, zilizobaki kata vipande, toboa na panchi, gundisha viwili kwa kila karatasi na usivitoe mpaka rangi ya mwisho ikauke. Kwa rangi zote nne hatukuona hata unywele umehama. Bei ya boliti sijui, mia kasoro.

Picha ilikuwa mitumbwi ya Dunga kwenye gugu maji, na mtumbwi mmoja una jina ubavuni. Lino inageuza kila kitu, kwa hivyo jina lilichongwa kinyumenyume, na dada akachora akitazama kioo kikubwa tulichoegemeza ukutani. Hakuchonga yote. Alipaka kwa brashi yake moja kwa moja kwenye lino, wanafunzi wakachonga wakifuata brashi, na yeye akikaa karibu kusema hapa acha, hapa toa. Ndiyo maana ukiiona ile printi unaona mkono wake wa rangi, huoni mwanafunzi anayejifunza kuchonga.

Makubaliano andikeni kabla wino haujafunguliwa, jamani, hata kama ni ndugu yako. Sisi tuliandika nakala 20 zenye namba, nusu zake nusu za chuo, nakala chache za msanii kando na moja ya mchapaji. Alipopata ile moja iliyomridhisha kabisa akaisaini kama kipimo, na kila iliyotoka baadaye ililinganishwa nayo, isiyofanana ikachanwa. Za chuo tulizigonga muhuri mkavu usio na wino kwenye kona, nilitengenezewa mjini na wale wa sili za kampuni. Mwishoni lino ikapigwa mikwaruzo ya msalaba mbele yake ili isichapwe tena, na hiyo mikwaruzo nayo tukaichapa nakala moja ya ushahidi.

Mgeni anayefuata ni mchongaji wa mawe kutoka Tabaka kule Kisii, anataka tuchape moja kwa moja kutoka kwa bamba la jiwe la sabuni. Nimeshaanza kuuliza unene gani unafaa. Jeki hapo haitaguswa, jiwe lile ni laini litapasuka, tutachapa kwa mgongo wa mwiko.