Kumbe Tatizo Lilikuwa Sentimita 68

Kwa miezi kadhaa, ikifika alasiri macho yalikuwa yakiniwasha na shingo imekaza kama kamba. Nikalaumu mwanga wa bluu wa skrini ya kompyuta, kama wafanyavyo wengi, nikanunua lenzi za kuuchuja. Kilichobadilika ni rangi tu: karatasi nyeupe ikawa ya manjano kidogo. Macho yakaendelea kuwasha vilevile.

Siku moja, katikati ya kikao cha mtandaoni, nikajiona kwenye kamera: kidevu juu, kichwa nyuma, kama kuku anayekunywa maji. Nikashtuka. Miwani yangu huona mbali kwa juu na kusomea kwa chini. Kompyuta iko katikati, na sehemu hiyo ya kati ya lenzi ni kijia chembamba. Nilikuwa nakitafuta kwa shingo!

Nikachukua futi kamba. Toka jichoni hadi kwenye skrini, sentimita 68; kitabu nakishika kwenye 40. Nikampelekea mpimaji wa macho namba hizo, akanitengenezea lenzi za kazi ya mezani, zenye eneo pana la umbali ule, pamoja na utando wa kuzuia mng'ao, maana taa iliyo nyuma yangu ilikuwa ikijiakisi ndani ya lenzi. Kuendeshea gari hazifai kabisa. Mbali ni ukungu mtupu.

Skrini nayo nikaiteremsha kidogo, nikajikumbusha kupepesa macho (ukiikodolea unasahau). Wiki ya pili shingo ikalegea. Zile za bluu zipo kwenye droo.