Asubuhi Tulipompigia Mshindani Wetu Kurasa Namba

Juzi binamu yangu amenitumia PDF ya tenda kwa WhatsApp, shirika moja la serikali la mambo ya kilimo linatafuta watu wa kuleta maturubai ya kukaushia mahindi, na chini yake akaandika swali moja: "Hapa wanasema kila ukurasa upigwe namba, ni lazima kweli ama ni maneno tu?" Nilikuwa kwa foleni ya supamaketi. Nikaacha foleni nikampigia hapo hapo. Nikamwambia ni lazima, tena kabisa, kuanzia karatasi ya kwanza mpaka ya mwisho, vyeti vyote ndani, stetimenti za benki ndani, iko kwa sheria ya ununuzi ya 2015 na usiposkia watakutoa hata kabla hawajaangalia bei yako. Akaniuliza, "Mbona unaongea hivyo kama umekasirika?" Nikamwambia sijakasirika, nitakupigia jioni.

Haikuwa hasira. Ni ile asubuhi ya ngazi ilinirudia yote mara moja.

Hii ni ile miaka dada ameshafungua duka la Kamukunji, turubai, kamba, magunia, na Mama tumemwandikisha mkurugenzi pamoja nasi. Cheti cha AGPO tulikuwa nacho, ile mpango ilianza 2013 ya kuachia vijana, akina mama na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya tenda za serikali ya Kenya. Ukiwa na hicho cheti kwa tenda za kikundi chako hauitishwi dhamana ya benki, unasaini tu fomu ya kuahidi kwamba hautatoroka zabuni yako, na kwa biashara ndogo kama yetu hiyo pekee ilikuwa mlango mkubwa sana, maana pesa ya kulala benki hatukuwa nayo.

Na turubai kwetu haikuwa bidhaa tu ya kuuza. Sisi ni watu wa Makueni. 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliua watu huko kwetu na Kitui na pande zile zote, walihesabu wagonjwa 317 na 125 kati yao wakafariki, ini limeharibika, watu walikula ugali kama siku zote. Ile sumu inatoka kwa kuvu, na kuvu inashika mahindi yakihifadhiwa kabla hayajakauka sawasawa au yakianikwa hapo chini kwa mchanga. Yanatakiwa yafike unyevu wa asilimia 13.5 ndio yaingie ghalani. Sasa mkulima wa nusu ekari atafikaje hapo mvua ya mwisho wa msimu ikimpata na hana kitu cha kutandika? Kwa hivyo hiyo tenda ilipotoka, ya maturubai ya kupeleka mashinani, dada alisema hii ni yetu, na alikuwa anamaanisha.

Makaratasi sitawachosha nayo. CR12 ile ya kuonyesha wenye kampuni ni nani, cheti cha ushuru cha KRA, leseni ya kaunti, stetimenti, barua za watu tuliowahi kuwauzia, kila fomu saini na mhuri. Dada ndiye alipiga namba zetu usiku, na biro nyeusi, kona ya chini kulia, mwandiko wake ule wa mwalimu, na Mama akishika taa maana stima ilikuwa imepotea Kayole nzima.

Tenda ilikuwa inafungwa saa nne kamili asubuhi. Sisi tulifika mapema, na lifti ya lile jengo ilikuwa mbovu, tukapanda ngazi polepole kwa ajili ya goti la dada, na ghorofa moja chini ya ile ya sanduku tukaketi kwa ngazi tupumzike. Bahasha yetu dada alikuwa ameiweka kwa mapaja, imefungwa, imeandikwa, bado kuingizwa tu. Saa tatu na dakika ishirini na kitu hivi akaja kijana anapanda mbio, shati limelowa mgongoni, amebeba vitabu vyake viwili vya zabuni vya spairo, orijino na kopi, bahasha zake bado ziko wazi. Akatusalimia vizuri, "Shikamoo auntie," akauliza kama hapa ndio kwa tenda ya turubai. Dada akamwambia ndio, juu hapo. Halafu macho ya dada yakaangukia kile kitabu, kikiwa kimefunguka, na akauliza bila hata kufikiria, "Namba ziko wapi?"

Kijana hakuelewa. Dada akamwonyesha kona. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Nilimwona uso ukibadilika. Alikaa chini pale pale kwa ngazi kama mtu amekatwa miguu, akasema alikuwa amekopa pesa ya fotokopi.

Mimi nikatoa biro kwa mkoba. Sikumuuliza dada. Nikamwambia kijana nipe kopi, wewe shika orijino, sema namba kwa sauti tuende pamoja zisipishane. Dada alinivuta mkono akaniambia kwa Kikamba kwamba huyu ni mshindani wetu, unajua? Nikamwambia najua.

Tukaanza. Moja. Mbili. Tatu. Yeye anataja mimi naandika, watu wanapanda na kushuka wanaturuka, mama wa usafi akasimama na ndoo yake akatuangalia akaenda. Kwa kurasa za mwanzo tu, hapo ndipo palikuwa na fomu ya tenda. Mnajua fomu ya tenda ina nini. Ina bei. Nilifungua huo ukurasa na bei yake ikanikaa mbele ya macho, kwa tarakimu na kwa maneno, mwandiko mkubwa wa mtu aliyeogopa kukosea, na kichwa changu kikagawanya chenyewe bila mimi kukituma, ni kazi tumefanya miaka mingi. Alikuwa chini yetu shilingi tisini kwa kila turubai. Na dada alikuwa ameniambia usiku ule kwamba tukibanwa sana tunaweza kushuka hata mia na hamsini na bado tupate kitu.

Niliinua macho. Yeye alikuwa ananiangalia. Alijua nimeona. Hakuuficha ule ukurasa na mkono, hakuniambia kitu, alingoja tu, na kando yangu bahasha yetu iko kwa mapaja ya dada, mhuri uko kwa mkoba wangu, saini ya dada iko hapo karibu, na sheria yenyewe inaruhusu mtu kubadilisha zabuni yake kwa maandishi mradi saa ya kufunga haijafika. Hiyo ndiyo dakika ninayoikumbuka kuliko yote. Naweza kuwaambia hata rangi ya soksi zake. Naweza kuwaambia chini barabarani kondakta alikuwa anaita watu wa Donholm.

Nikaandika namba kwa kona. Yeye akameza mate akasema inayofuata.

Mkono wake ulianza kutetemeka mbele huko, akaandika namba moja mara mbili, akataka kufutafuta, na hapo dada akashindwa kuvumilia. Alimnyang'anya biro akasema wewe kata tu mstari mmoja, weka saini ndogo kando, usifute, wakiona umefuta watasema umebadilisha kitu. Kutoka hapo dada ndiye aliandika orijino, kijana akawa wa kufungua kurasa na kutaja namba, na dada akienda kasi kuliko sisi wote. Kuna mahali kopi ilikosa karatasi moja ya benki, watu wa saiba waliiruka wakitoa fotokopi, kijana karibu alie, dada akamwambia orijino ndiyo wanaifuata zikipishana, ruka hiyo namba kwa kopi, endelea. Tukamaliza. Tukafunga bahasha zake tatu, ya orijino, ya kopi na ile kubwa ya nje, na gundi tukamwazima.

Tuliingiza zetu kwa sanduku tukifuatana, dada kwanza, yeye nyuma. Kufika saa nne kamili yule afisa akaziba mdomo wa sanduku na mtu mmoja aliyekuja akihema na bahasha yake akarudishwa nayo vile vile.

Ufunguzi ulikuwa hapo hapo kwa chumba cha mikutano, sheria inasema zifunguliwe mara tu muda ukiisha na wenye zabuni wakitaka kukaa wakae. Kamati ilikuwa watu watatu. Wanatoa bahasha moja moja, wanasoma jina la kampuni, wanasoma bei kwa sauti, wanaweka saini ndogo kando ya ile bei, wanasema kurasa ni ngapi. Kulikuwa na kampuni mbili zilisomwa "haina namba za kurasa" na mwenye moja akainuka akatoka bila kungoja. Jina letu liliposomwa, jina la Mama hilo, limetamkwa kwa ofisi ya serikali na mtu mwenye tai, dada alinishika mkono. Halafu ikasomwa ya kijana. Dada akageuka akaniangalia mimi. Hakumwangalia kijana.

Kwa matatu ya kurudi, hapo Landhies Road tumekwama, aliniuliza, "Uliiona?" Nikamwambia niliiona. Hakusema kitu mpaka Donholm.

Barua ya kutujulisha hatukufaulu ilikuja baadaye, na sababu ilikuwa bei. Mtu fulani alituambia twende Bodi ya Rufaa za Ununuzi, wakati huo ilikuwa pale jengo la National Bank, Harambee Avenue, una siku 14 tu za kulalamika tangu ujulishwe. Tungelalamika nini? Kijana alikuwa na bei ya chini na makaratasi yake yalikuwa sawa. Dada ndiye aliyaweka sawa.

Nilikutana naye tena Muthurwa, muda mwingi umepita, na ni yeye alinitambua. Nilimuuliza kwa furaha kabisa ile kazi iliendaje. Alipata LPO, ile barua ya oda ya serikali, akaipeleka kwa watu wa mkopo maana benki ilimzungusha, akachukua kwa shailoki, mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, akanunua turubai zote za unene ule ule walioandika, hakupunguza hata kidogo, akapeleka stoo, kamati ya kukagua na kupokea ikahesabu ikasaini. Akapeleka invoisi. Halafu akaanza kwenda. Leo hii njoo wiki ijayo, wiki ijayo bajeti haijafika, bajeti imefika afisa amehamishwa, mwaka wa fedha umeisha deni limehamia mwaka mwingine. Shailoki hakungojea mwaka wa fedha. Alichukua pikapu ya babake. 2023 serikali ilipounda ile kamati ya kuhakiki madeni yake, ikiongozwa na Edward Ouko aliyekuwa Mkaguzi Mkuu, kijana alipeleka madai yake na faili lote. Tulipoonana mara ya mwisho alikuwa bado anangoja.

Hii inaniuma na nitaisema bila kuzunguka. Sheria ile ile inayomtoa mtu kwa sababu ya namba kwa kona ya karatasi, sheria hiyo hiyo inasema serikali ikichelewa kulipa deni lake inadaiwa na riba. Mbona upande mmoja unafuatwa mpaka kwa nukta na upande mwingine hakuna mtu anauliza? Asilimia 30 ni kitu kizuri, nilikipigania na bado nakipigania, lakini kumpa kijana tenda bila kumlipa ni kumchukulia mali ya babake. Na turubai zilienda kazi. Mahali fulani kule mashinani mahindi yalikauka juu ya pesa ya yule mtoto.

Nilimweleza dada yote jioni ile. Nilidhani atasema afadhali tulikosa, maana ingekuwa duka letu, na Mama yumo kwa makaratasi. Hakusema hivyo. Alisema mimi sikuwa na haki ya kunyamaza na ile bei, kwamba bahasha ilikuwa kwa mapaja yake, si yangu, na kama ningemnong'oneza angeamua mwenyewe. Nikamuuliza angeamua nini. Akasema hilo sasa hatutajua kamwe kwa sababu yangu. Lakini kuhusu pesa dada hana shaka hata kidogo, anasema yeye angelipwa, angekaa kwa ile ofisi kila Jumatatu na chakula chake na kiti chake mpaka walipe. Nikimkumbuka akipiga zile namba namuamini. Halafu namkumbuka kijana, ambaye pia alienda, na sijui nimwambie nini.