Kalewa, Desemba 1944: Barua za Watu

Daraja limekwisha. Mainjinia wamelifunga kipande kwa kipande juu ya maboya, kutoka ukingo huu wa mto Chindwin, huku Burma, mpaka ule, na wanasema urefu wake ni futi 1,154. Magari yanapita juu yake usiku na mchana kwenda mbele, na wanaokwenda ni wengine. Sisi wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, tulioteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua, tumeambiwa kazi yetu kwa sasa imetosha, turudi nyuma tukapumzike India. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Wenzangu wameiona nafasi hiyo kabla yangu: tangu alfajiri wananijia, kila mtu na bahasha yake mkononi.

Kazi yangu ni simu na waya. Lakini kwa kuwa nilisoma Tabora na mwandiko wangu unasomeka, ndimi mwandishi wa barua wa kombania nzima. Silipwi, ila sigara sijanunua muda mrefu.

Barua ya askari haiendi moja kwa moja kwa mwenyewe. Asiyejua kusoma ananitajia mimi, mimi naandika. Kisha ofisa anaisoma, akikuta jina la mahali au habari ya mapigano analifuta kwa wino. Halafu inapanda meli, inafika bomani kwa Bwana DC au kwa padri wa misheni, inakaa hapo mpaka apatikane wa kuipeleka kijijini. Huko nako mama hajui kusoma, na pengine Kiswahili chenyewe hakijui vizuri, basi anaitwa mwalimu aisome na kuifasiri mbele ya watu wote waliokuja kusikia. Sasa mwanamume mzima atamwambia nini mke wake kwa njia hiyo? Atasema mimi ni mzima, hofu ni kwenu mlio mbali na macho yangu, nisalimie fulani, nisalimie fulani na fulani. Maofisa wetu wanacheka kwamba barua za askari zote ni moja. Nadhani wanasoma haraka mno.

Asubuhi hii alikuja Mhehe mmoja wa platuni ya pili, mtu mkimya, hodari wa brengani, ile bunduki ya rashasha. Akataja salamu za ukoo mzima, nikajaza ukurasa. Halafu akasema, "Andika: je, zizi walilizungushia miiba?" Nikaandika. Akataja salamu za shangazi yake, kisha akarudi, "Uliza tena habari ya zizi, upande ule wa mtoni." Alipouliza mara ya tatu nikamwambia, ndugu yangu, nikuandikie tu kwamba umewakumbuka? Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Kwani hilo zizi nimeuliza la nani?"

Basi nikaliandika zizi mara ya tatu.

Siku zetu za bondeni zilifanana mpaka mtu akapoteza majina ya siku. Kabla hakujapambazuka wote mahandakini, bunduki tayari, kwa sababu Mjapani hupenda saa hiyo. Pakikucha salama, chai kwenye mkebe, kisha vile vidonge vya manjano vya malaria, na sajenti anasimama mbele yako mpaka umeze. Sote tumegeuka rangi, hata Wazungu wamekuwa kama wamepakwa bizari. Kisha kila mtu anavua buti na kutafuta maruba. Ruba hupita hata kwenye tundu la kamba ya kiatu, na humsikii mpaka uone damu imejaa soksini. Ukimvuta anaacha kidonda. Mguse kwa moto wa sigara, ataanguka mwenyewe.

Mvua sitaiandika sana, maana mtu wa kwetu hataamini. Barabara ya kutoka mji wa Tamu ilikuwa uji. Magari yalizama mpaka kwenye ekseli, baghala wakafa wamesimama, na njia ikatandikwa magogo ya misaji ili watu na mizinga wapate kupita. Tembo ndio walioyabeba magogo. Mimi ni mtu wa Unyamwezi, tembo namjua kwa pembe zilizobebwa na babu zetu mpaka pwani, na kwa kelele za kumfukuza shambani. Huku nimemwona ameinama, Mburma mwembamba amekaa shingoni pake bila kiatu, anamgusa kwa kidole cha mguu nyuma ya sikio, naye anaweka gogo mahali pake, anarudi hatua moja, anatazama kama limekaa sawa. Hili nimeliandika katika barua zangu zote, na najua nitaitwa mwongo.

Chakula kilitoka mbinguni. Njia zilipozibwa na matope, ndege za Dakota zikaja kutuangushia: risasi na dawa kwa miavuli, lakini magunia ya nafaka bila mwavuli, gunia ndani ya gunia ili la ndani likipasuka la nje lizuie. Mlio wake likianguka unatisha kama kombora, na likikupata linaua vilevile. Siku ya biskuti watu hula kimyakimya. Siku ukishuka unga wa mahindi, hata kama umelowa, hata kama ugali umepikwa kwenye bati la mafuta ya taa, utasikia watu wanaimba. Idd mwezi wa tisa ilitukuta matopeni. Tulisali juu ya turubai, viatu mguuni, nusu yetu tukiswali na nusu wakilinda, kisha tukabadilishana.

Jambo moja la bondeni ofisa hawezi kulifuta hapa, kwa kuwa daftari hili hasomi. Tulimzika mwenzetu wa kwetu, Mnyamwezi wa kutoka upande wa Nzega, kando ya njia, udongo ukirudi shimoni kila tukiutoa. Hapakuwa na ndugu yake hata mmoja. Lakini palikuwa na Mzaramo, na Mzaramo ni mtani wetu tangu enzi za misafara. Maiti ilipoletwa, yule Mzaramo akaruka ndani ya kaburi, akalala chali na buti zake, akafumba macho, akasema hatoki mpaka Wanyamwezi tulipe, maana tumezoea kula vya pwani bure tangu zamani. Luteni wetu kijana akasogea kwa hasira, akidhani ni ulevi. Sajenti mkuu akamshika mkono akamwambia kwa upole, "Efendi, mwache. Hiyo ndiyo desturi, bila yeye huyu hajazikwa." Tukachanga sigara, Mzaramo akazihesabu palepale kaburini, akasema zimepungua, tukaongeza. Ndipo akatoka, na ni yeye aliyempokea marehemu kichwani, machozi yakimtoka na huku anatukana bado. Katika barua kwa wazazi wa marehemu niliandika kwamba mtani alikuwepo. Nilijua wakisomewa hapo watapumua.

Wa ile meli hawakupata mtani. Watu wetu wa mizinga, kikosi cha 301, walitoka Kilindini mwezi wa pili wakiwa katika Khedive Ismail, wanaelekea Ceylon, na manowari ya Kijapani ikaizamisha karibu na Maldives. Wengi mno walikwenda chini pamoja nayo. Katika barua habari hii haiandikwi, lakini kila ninayemwandikia anaijua. Ndiyo maana wengi wanasema "nikijaliwa kurudi" hata wanapozungumza habari ya India.

Mwezi huu Tabora ni wa maembe. Mvua za kwanza zimekwisha kunyesha, kumbikumbi wametoka, watoto wamekesha wakiwakamata kwa taa, na mke wangu yuko shambani na jembe tangu jua halijachomoza. Treni ya Kigoma inapiga king'ora ikiingia stesheni na mbwa wote wa mji wanaijibu. Mchana najizuia kufikiri hayo. Usiku, zamu yangu ikiwa ya simu, naweka kipokezi sikioni nasikia waya unavuma, na sina pa kukimbilia, yote yanakuja.

Kuna uvumi wa likizo. Uvumi huu tulianza kuusikia tukiwa Ceylon. Meli hazitoshi, wanasema, na mimi naamini kwamba hazitoshi. Lakini kuna watu humu walioanza na vita vya Wataliano huko Abisinia, hawajaona kizingiti chao tangu walipotia dole gumba kwenye karatasi, na mtoto aliyeachwa tumboni sasa anachunga mbuzi. Meli ya kutuleta huku ilipatikana. Nasema hivi kwa heshima zote.

Nimekwisha kuwaandikia watu, imebaki yangu. Bahati yangu ni kwamba mdogo wangu amefika darasa la nne, anajisomea mwenyewe, hahitaji mwalimu wala mkutano. Nimemwandikia hivi:

Mdogo wangu, salamu sana. Mimi mzima. Fedha za boma akazichukue Mama mwenyewe, ufuatane naye, na zihesabiwe mbele yenu. Shemeji yako apate doti ya kanga, achague mwenyewe rangi, usimchagulie. Paa upande wa jikoni litazamwe kabla mvua hazijakolea. Shoka langu usimwazime mtu. Mizinga ya nyuki mkaitazame, asali ya mwisho iwekwe, isiuzwe yote. Na ule mwembe wa nyuma, yule jirani akija kuomba mpeni maembe, ila kikapu alete chake; kile alichochukua mwaka ule kabla sijaondoka hajakirudisha mpaka leo, na mwambie nimeuliza.