Vile mdogo wangu alishika polinome kwa vipande vya satini

Mdogo wangu iko mwaka wa saba hapa Goma, na intero (jaribio la darasani) yake ya kwanza ya aljebra, ya polinome, zile hesabu za kujumlisha na kutoa vipande kama x na x², alirudi nayo 2 kwa 10. Mbili! Na kichwa anacho, feza ya ateliye yangu ya kushona anaihesabu mbio kunipita.

Jirani mmoja akatuambia ni rahisi, x ni avoka, y ni ndizi, avoka unazijumlisha na avoka, basi. Hii shauri watu wanaipenda sana na mi sasa naichukia kabisa. Ilitembea siku moja tu. Kesho yake mutoto akafika kwa 3x + 2x², akaniuliza, "Yaya, avoka mara avoka ni nini?" Nikakosa la kumujibu. Naye akajisemea zote si ni avoka tu, akaandika 5x³, hata vile vidogo vya juu akavijumlisha.

Nikamwambia tupime, weka namba pale penye x, juu x ni namba yenye hatuijue bado, si tunda. Akaweka 1. Upande huu 3 na 2 ni 5, upande ule 5. Zimelingana! Akaruka, mi nikafurahi nikarudi kwa mashini yangu. Kaye (daftari) yake ikarudi toka masomo na mustari mwekundu. Usiku ule umeme umekatika, nikakaa na tochi ya telefone naweka namba moja moja mpaka nikaona: ile 1 ndiyo ilikuwa inaficha kosa. 1 mara 1 ni 1, uizidishe mara ngapi inabaki 1, sasa x na x² na x³ zote zinavaa sura moja. Sifuri vile vile. Hata 2 siiamini, juu 2x na x² zote zinakuwa 4. Weka 3. 3x + 2x² ni 9 na 18, inafanya 27, na 5x³ ni 135. Mutoto alishika kichwa.

Mi nashona, mabaki ya satini hayakosekani chini ya meza. Nikakata mraba wa urefu x kila upande, hiyo ni x². Nikakata utepe murefu x na upana 1, hiyo ni x, na tupande tudogo twa 1 kwa 1. Mutoto akajaribu mwenyewe kulaza utepe juu ya mraba vilingane, vikakataa. Miraba na miraba, tepe na tepe, na 3x + 2x² inabaki ilivyo, ndiyo jibu lenyewe. Baadaye nikasoma kama al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9, yule ambaye neno aljebra limetoka kwa kitabu chake, naye alikuwa anachora miraba kuonyesha hesabu zake. Nilisikia raha siku nzima.

Sasa penye najivunia zaidi ni parantezi yenye minusi mbele. Satini iko na uso wenye kungʼaa na mugongo wenye kufifia: kungʼaa ni plusi, mugongo ni minusi. (5x² + 3x − 4) − (2x² − 6x + 1). Mutoto alikuwa anageuza ile 2x² ya mbele tu, zingine anaziacha, anapata 3x² − 3x − 3. Nikamwambia minusi inapiga nyumba yote, pindua kila kipande chenye kiko ndani. Zile tepe sita za mugongo zikageuka zikaanza kungʼaa mbele ya macho yake, na akanyamaza kidogo. Halafu uso na mugongo vya namna moja vikikutana vinatoka mezani pamoja. 3x² + 9x − 5. Akaweka 3 bila mi kumwambia: 50 toa 1, 49, na 27 + 27 − 5 ni 49. Lile jibu la kwanza lilitoa 15.

Feza hatukutumia, labda franga elfu moja ya biki. Intero ya juzi alileta 8 kwa 10, na zile mbili alizopoteza alinionyesha mwenyewe, mbele hata sijafungua kaye.